John Barnes Chance: Mtunzi Aliyewatungia Wanafunzi

Watunzi wa muziki, kama walivyo washairi, wamepangwa na walimwengu kwa madaraja, na katika daraja la chini kabisa, mahali ambapo wajuzi wa fani hii hawapitishi macho yao ila kwa nadra, wamewekwa wale wanaowatungia watoto wa shule. Atungaye opera hutajwa kwa taadhima, na atungaye simfoni huenda akajengewa sanamu. Lakini mtu aketiye usiku akiandika noti za klarineti ya tatu, itakayopulizwa na kijana wa miaka 15 ambaye midomo yake haijakomaa na ambaye akili yake nusu imo darasani na nusu imo uwanjani, huyo huhesabiwa kuwa mwalimu tu, na jinsi walimu wanavyohesabiwa sote twajua. Mimi nauona mpango huu kuwa dhuluma. Kwa hiyo katika sura hii nitamtoa mmoja wa watu hao na kumweka mbele ya msomaji: John Barnes Chance wa Texas, aliyezaliwa katika mji wa Beaumont tarehe 20 Novemba 1932, akafariki kabla ya kutimiza miaka 40, na ambaye kazi zake, ingawa ni chache hata mtu aweza kuzisikiliza zilizo mashuhuri katika jioni moja, zimepita mikononi mwa vijana wengi kuliko kazi za watu waliojengewa sanamu.

Bendi yenyewe si jambo geni kwa msomaji wa pwani. Tangu miaka ya 1890, vijana wa Lamu na Mombasa waliziona bendi za wanajeshi, wakachukua tarumbeta na ngoma kubwa pamoja na sare na vyeo vyake, wakazaa beni, ngoma iliyopanda bara ikawagawa watu wa Tanganyika kuwa Marini na Arinoti; na Unguja nako, masultani walikuwa na bendi yao. Ila kwetu bendi ilikaa mtaani na kambini, na huko Marekani iliingia darasani. Baada ya Vita Kuu ya kwanza, wapigaji waliorudi kutoka jeshini walikuwa wakitafuta kazi, wenye viwanda vya ala walikuwa wakitafuta wanunuzi, na wakuu wa shule walikuwa wakitafuta jambo la kuwakusanya vijana pamoja. Haja hizi tatu zilikutana, na mwaka 1923 yakafanyika mjini Chicago mashindano ya kwanza ya kitaifa ya bendi za shule. Ala zikapatikana, sare zikashonwa, walimu wakaajiriwa. Kilichokosekana ni muziki. Bendi zilipiga machi za gwaride, na zilipotaka kuonyesha kuwa nazo ni za watu wastaarabu zilipiga kazi za okestra zilizogeuzwa, ambamo klarineti hutwikwa mzigo wa fidla na hutakiwa ziutue bila kulalamika. Maana kazi zilizotungwa makusudi kwa ala za kupuliza, kama suti ya kwanza ya Mwingereza Gustav Holst ya mwaka 1909, zilikuwa za kuhesabika.

Katika hali hiyo ndimo alimokulia Chance. Beaumont ni mji wa mafuta, uliopata utajiri wa ghafula mwaka 1901 kisima cha Spindletop kilipofoka jirani yake, na shule zake, kama nyingi za Texas, ziliithamini bendi kwa kuwa iliishangilia timu ya mpira. Kijana huyu alipiga ngoma, akaanza kutunga angali bado mwanafunzi, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, alikopata shahada zake mbili chini ya walimu watatu wasiofanana: Kent Kennan, mjuzi wa kuzipanga ala, Paul Pisk, Myahudi wa Vienna aliyewahi kusoma kwa Arnold Schoenberg, na Clifton Williams, aliyekuwa na imani kwamba bendi yastahili kutungiwa kwa uzito ule ule anaotungiwa mtu mzima. Pamoja na masomo hayo alipiga timpani katika okestra ya Austin.

Naomba msomaji asiipite upesi habari hii ya timpani, maana kwa rai yangu ndiyo ufunguo wa yote yaliyofuata. Mpigaji wa timpani huketi nyuma ya wote, huona migongo ya wenziwe, na sehemu kubwa ya kazi yake ni kunyamaza na kuhesabu. Huenda akahesabu mapigo mia mbili ili apige mara nne, na katika kuhesabu huko hana budi kuyasikiliza yote: anajua ni wapi horni hukosea, ni wapi filimbi huishiwa na pumzi, na ni wapi mtunzi amewasahau watu wa safu ya nyuma kwa kuwa hakuwa na la kuwapa. Watunzi wengi wa zama zile walitunga muziki wao kwenye piano, na baada ya kuumaliza wakaunyunyizia ngoma juu kama chumvi. Chance alijua ladha ya kusubiri, na alipopata kalamu mkononi hakuwafanyia wenzake wa nyuma kama alivyofanyiwa yeye.

Baada ya chuo alichukuliwa jeshini, na jeshi, ambalo mara chache huwajua watu kwa vipaji vyao, safari hii lilimjua: alifanywa mpangaji wa muziki katika bendi ya Jeshi la Nne mjini San Antonio, kisha akapelekwa Seoul katika bendi ya Jeshi la Nane. Ilikuwa miaka ya 1958 na 1959. Vita vya Korea vilikuwa vimesimamishwa tangu 1953 pasipo kumalizwa, na mji ulikuwa bado unajengwa upya. Huko ndiko alikousikia Arirang, wimbo ambao kila jimbo la Korea lina sura yake, na ambao katika sura yake iliyo mashuhuri husimulia habari za mtu anayemwacha mpenzi wake na kuvuka mlima. Mahadhi yake yamejengwa kwa sauti tano tu. Askari wengine walirudi kwao na picha na vitambaa vya hariri. Huyu alirudi na mahadhi, akayaweka, wala hakuyagusa mpaka miaka kadhaa ilipopita.

Mwaka 1959 shirika la Ford Foundation, kwa wazo la mtunzi Norman Dello Joio, lilianzisha mpango ambao hata leo wanishangaza kwa ujasiri wake. Watunzi vijana, waliotoka vyuoni na elimu nyingi na riziki kidogo, walipelekwa kwenye shule za sekondari za umma, wakalipwa mshahara, na wakapewa kazi moja tu: kuzitungia bendi, kwaya na okestra za shule zile. Hawakutakiwa kufundisha. Philip Glass, ambaye baadaye jina lake lilienea duniani kote, alipelekwa Pittsburgh. Peter Schickele alipelekwa Los Angeles. Na Chance akapangiwa Greensboro, katika jimbo la North Carolina, alikokaa toka 1960 hadi 1962. Manufaa ya mpango huo yalikuwa ya pande mbili, kwa kuwa shule ilipata muziki, na mtunzi alipata kitu ambacho chuo hakimpi mtu yeyote, nacho ni kusikia Alhamisi kile alichokiandika Jumanne, tena kikipigwa na watu wasiojua kuficha wanapokuwa wamechoshwa.

Insafu yanitaka niseme pia kwamba Greensboro ya mwaka 1960 ulikuwa mji wa habari nyingine. Tarehe 1 Februari mwaka huo wanafunzi wanne weusi waliketi kwenye kaunta ya chakula ya duka la Woolworth, wakakataa kuondoka waliponyimwa huduma, na kutoka kaunta ile upinzani wa namna hiyo ukaenea katika miji ya kusini. Shule aliyopelekwa mtunzi wetu, Greensboro Senior High School, ambayo tangu 1962 yaitwa Grimsley, ilikuwa ya wazungu, na ilimfungulia mlango mwanafunzi mweusi wa kwanza mwaka 1957 tu. Simlaumu Chance kwa mipaka ya mji ambao hakuujenga. Lakini mtu asemapo kwamba kazi zake zilizaliwa katika shule ya umma, ni haki akumbuke umma ule ulikuwa ni nani.

Bendi ya shule hiyo iliongozwa na Herbert Hazelman, mwalimu aliyeishika kwa zaidi ya miaka 40 na kuifikisha mahali ambapo bendi nyingi za vyuo zingeionea wivu. Jambo hili lilikuwa bahati kubwa kwa mtunzi, maana bendi dhaifu humfundisha mtunzi woga. Hata hivyo bendi ya vijana, iwe hodari namna gani, ina sheria zake, na asiyezijua huandika muziki mzuri usiopigika. Klarineti ina mahali pake pa taabu, katikati ya ngazi yake ya sauti, ambapo mpigaji huvuka kutoka sauti inayopigwa kwa vidole vichache mno hadi inayotaka matundu karibu yote yazibwe kwa mara moja. Mtu mzima huvuka bila kufikiri, lakini mwanafunzi huvuka kwa kelele, na mtunzi asiye na huruma humvusha mara kumi katika mstari mmoja. Mpiga tarumbeta hupiga kwa nyama ya midomo, na nyama huchoka. Ukimweka juu kwa dakika tatu mfululizo, dakika ya nne hatakuwa na kitu cha kukupa. Horni ina sauti zake zilizokaribiana mno huko juu, kiasi kwamba kijana aweza kuilenga moja akaipata jirani yake. Obo, ndugu wa mbali wa zumari yetu, na basuni, ni ala za bei kubwa na shule nyingi hazinazo, ndiyo maana katika karatasi za ala nyingine mahadhi yake huandikwa kwa noti ndogo, ili ikiwa mwenyewe hayupo, mwingine amshikie zamu. Juu ya hayo yote iko sheria ambayo haikuandikwa kitabuni: kila mtoto aliyebeba ala yake kutoka nyumbani asubuhi hana budi kupata, walau mara moja, jambo la kufanya ambalo ataona fahari kulifanya. Klarineti ya tatu ina wazazi, na wazazi wale watakuja kwenye tamasha.

Chance alitunga kazi saba kwa ajili ya vikundi vya shule hiyo. Iliyo mashuhuri zaidi ilipigwa mara ya kwanza tarehe 16 Novemba 1960, Hazelman akiongoza, ikiitwa Nocturne and Dance. Baadaye mtunzi aliipunguza, akaibadilisha jina, na mwaka 1963 ikachapishwa kwa jina la Incantation and Dance, yaani dua ya uganga na ngoma. Inaanza kwa filimbi peke yake, katika sauti zake za chini, mahali ambapo filimbi haina nguvu wala mng'ao, ikitoa sauti ya pumzi kuliko ya chuma. Mtu angedhani ni ukatili kumfungulia kijana tamasha mahali pale. Lakini tazama hekima iliyomo: kwa kuwa filimbi pale haiwezi kupiga kelele, ukumbi mzima hulazimika kunyamaza ili kuisikia, na wanafunzi wanaopuliza, ambao siku zote waliambiwa waongeze sauti, mara hii wanaambiwa wajizuie. Mahadhi yapanda kidogo, yarudi, yapanda tena, wala hayatui. Ala nyingine zaingia kwa kunyatia. Na kwa muda mrefu msikilizaji hajui mguu auweke wapi, kwa sababu mapigo yamefichwa.

Kisha wapulizaji wote wanyamaza, na hapo huja kile ambacho nilikuwa nakingojea tangu nilipoitaja timpani. Safu ya nyuma yaanza peke yake. Kwanza ni marakasi, zenye mlio wa mchakacho kama kayamba. Zafuatwa na vijiti vinavyogongwa kimoja kwa kingine. Kisha buyu la kukwaruzwa, na vigogo vya mbao vyenye uwazi ndani, na tari, na ngoma ndogo za mkono, kila mmoja akiingia na pigo lake asilolifuata mwenziwe, mpaka mapigo hayo yaliyokuwa mbalimbali yamesukana kuwa kitu kimoja. Katika muda huo wote watoto 50 au 60 wenye ala za kupuliza wameketi na ala zao magotini, wakihesabu. Daraja zimegeuka: wale waliozoea kungoja sasa wanangojewa. Shaba zinapoingia huingia kwa mikato isiyoangukia mahali sikio linapoitazamia, na kutoka hapo hadi mwisho hakuna nafasi ya mtu kusinzia. Hata mlio wa mjeledi umepewa nafasi yake. Msikilizaji aliyekulia penye ngoma hatashangazwa na ufundi wa kupanda pigo juu ya pigo, maana huo ni urithi wake. Huenda akacheka kidogo kuona watu wakiuita ugunduzi. Lakini katika ukumbi wa shule ya Marekani wa mwaka 1960, ambapo mpiga ngoma alijulikana kuwa ni yule aliyeshindwa kujifunza klarineti, jambo hili lilikuwa mapinduzi, na vijana wa safu ya nyuma walilijua hivyo kabla ya wahakiki.

Mahadhi ya Korea nayo yalingoja mpaka mwaka 1965, ndipo yakawa Variations on a Korean Folk Song. Hapa Chance aonyesha adabu ya namna nyingine. Kwanza klarineti zautamka wimbo ulivyo, kwa sauti za chini, bila mapambo, kana kwamba mtunzi anasema mali hii si yake na mwenyewe ajulikane mapema. Ndipo ageuza mara tano. Geuzo la kwanza ni la kasi, lenye vigogo vya mbao vikigonga kati ya mbio za klarineti na filimbi. La tatu ni kama gwaride lenye tarumbeta mbele. La nne ni zito na la taratibu, mithili ya wimbo wa ibada. Na la tano, ambalo ngoma ndizo zinazolifungua, laukusanya wimbo wa asili na mapambo yake yote mpaka ukumbi unajaa. Lakini geuzo ninalolipenda ni la pili. Obo yapewa wimbo uliopinduliwa juu chini: pale ulipopanda sasa washuka, pale uliposhuka sasa wapanda, kwa kadiri ile ile. Katika mikono ya mtunzi baridi ufundi huu huzaa hesabu tu. Hapa wazaa mahadhi mapya yenye huzuni yake, hata msikilizaji asiyejua siri huhisi kwamba amewahi kuyasikia mahali, naye hakumbuki ni wapi. Ziko nyimbo nyingi za mataifa ambazo watungaji wa kigeni wamezichukua wakazivika mavazi ya sarakasi. Arirang ilitendewa vema kuliko hivyo, ingawa siwezi kuacha kutaja kwamba iliwafikia watoto wa Marekani kwa njia ya kambi ya jeshi.

Mwaka 1966 kazi hiyo ilipata tuzo ya Ostwald, inayotolewa na chama cha viongozi wa bendi wa Marekani, American Bandmasters Association. Tuzo hiyo ina jina la mshona sare za bendi aliyeitoa, jambo ambalo lanifurahisha, kwa sababu mtu aliyezoea kupima mabega ya watoto kabla ya kukata kitambaa angemwelewa Chance bila kufafanuliwa. Clifton Williams, mwalimu wake, alikuwa ameipata tuzo hiyo hiyo ilipotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1956, akairudia mwaka uliofuata, hivyo ustadi ulipita kutoka mkono wa ustadhi hadi wa mwanafunzi kwa namna ambayo hata katika ukoo ni shida kuipata. Mwaka huo huo wa 1966 Chance aliajiriwa na Chuo Kikuu cha Kentucky mjini Lexington, na huko alibaki. Aliendelea kutunga kwa kiasi, wala hakuwa mtu wa kumimina: Elegy ya mwaka 1970, iliyoagizwa na bendi ya shule ya West Genesee katika jimbo la New York, ni kazi ya maombolezo isiyo na kelele, Blue Lake Overture ya mwaka 1971, kwa ajili ya kambi ya sanaa ya vijana huko Michigan, ni nyepesi na ya furaha, na kwangu haina uzito wa zile mbili za kwanza, ingawa sijamwona mpiga horni aliyekubaliana nami.

Tarehe 16 Agosti 1972 alikuwa akisimamisha hema katika ua wa nyumba yake mjini Lexington, nguzo ya chuma ya hema ikagusa uzio uliokuwa na umeme, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 39.

Aliacha simfoni yake ya pili, ya ala za kupuliza na ngoma, ambayo alikuwa ameianza wakati wa Greensboro, akaiweka kando, akairudia na kuimaliza katika mwaka ule wa kufa kwake. Imejengwa karibu yote juu ya sauti nne, zinazogeuzwa na kufinyangwa kwa ukali ambao hauonekani katika kazi zake za awali, na kwa kuwa ilichapishwa yeye hayupo, hakuweza kuikata na kuibadilisha jina baada ya kuisikia, kama alivyofanya kwa ile ya mwaka 1960. Bendi za vyuo huipiga. Shule huiogopa, na kwa haki, maana ni ngumu. Shule zingali na zile mbili nyingine, ambazo walimu huwapa vijana wao pindi wanapoona kuwa wako tayari, na katika mazoezi ya kwanza ya Incantation and Dance mwalimu hulazimika kuwakumbusha wapulizaji wake kwamba wahesabu kimya kimya, kwa sababu kutoka marakasi hadi shaba ni mbali, na yuko daima mmoja anayeingia kabla ya zamu yake.